Manyoya ya Kunguru kwa Mama Gelinda

Ndugu zangu wa kwaya na wa jumuiya, tangu nirudi mnanishika mkono kwenye ngazi za kanisa na kuniuliza: "Mwalimu Zakaria, kule Ulaya ilikuwa namna gani?" Naanza kueleza, mara mmoja anakumbuka sufuria aliyoiacha motoni, mwingine anaitwa na padri, na maneno yanakatika. Nimeona heri niyaandike yote mara moja, mpokezane daftari hili. Habari za viza na tiketi naziacha. Parokia ilihangaika nazo, Mungu awalipe, na hakuna atakayefurahi kusoma juu ya foleni.

Kwa vijana wasiomjua, Mama Gelinda ni Mjerumani aliyefundisha muziki hapa Bunia kwa miaka kumi na mmoja, wakati mimi nilikuwa kijana mwenye nywele nyeusi. Jina lake kamili ni Gerlinde, lakini midomo yetu ililinyoosha likawa Gelinda, na mwenyewe akalipokea. Jumapili alipiga kinanda cha kanisa. Nyumbani kwake alikuwa na kinanda kingine kilichofungwa na kaka yake, fundi wa vyombo hivyo, ambacho Kifaransa hukiita klavesini. Sisi tulikiita kinanda cha manyoya.

Ukikitazama kwa nje utasema ni piano ndogo iliyokonda kwa ugonjwa. Lakini piano hupiga nyuzi kwa nyundo, na hiki huzidonoa. Kila ufunguo unarusha kijiti juu, na kwenye kijiti kuna ulimi mdogo kama punje ya mchele, uliokatwa kwenye shina la unyoya wa ndege. Ulimi ukigusa uzi, sauti inatoka, kali na safi. Ndimi nyingi zilivunjika njiani kuja huku, na kungoja nyingine kutoka Ulaya kulikuwa kungoja miezi. Basi nilimletea Mama manyoya. Ya kuku yalikuwa laini mno. Ya kanga yalipasuka. Ya kunguru wetu mwenye kifua cheupe, yale makubwa ya bawa, ndiyo yaliyofaa. Mama akanifundisha kukata. Mke wangu Veronika alitutazama wiki moja tu, akachukua wembe, akanishinda.

Mwaka huu mpwa wa Mama, dada mmoja aitwaye Ulrike, alinipigia simu. Alisema shangazi yake ana miaka themanini na mitatu na mikono inatetemeka. Angepiga mbele za watu mara ya mwisho Jumapili fulani ya mwezi wa nane, kwanza kinanda cha kanisa, kisha kinanda cha manyoya. Ila ndimi zilikuwa zimechoka, kaka yake fundi alikwisha fariki, na Mama alimkataza fundi mwingine yeyote asizisogelee. "Anasema ni wewe, au hatapiga," Ulrike alisema kwa Kifaransa. "Uje wiki nzima kabla, kuna ndimi hamsini na moja."

Sikuuliza zaidi. Mwezi mzima nilikwenda machinjioni, mahali kunguru wanapokusanyika, nikaokota manyoya, na wauza nyama wakanicheka. Nilipata themanini mazuri. Niliyafunga katika kipande cha kitenge cha marehemu Veronika na kuyatia katika mfuko wangu wa mkono. Kwetu mtu haendi kumwona mkubwa wake mikono mitupu.

Bunia hadi Iga Barrière

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa gari dogo, watu wanne na dereva. Nilipangiwa kuwa Kampala Jumapili na kufika kwa Mama Jumatatu. Jirani yangu kitini alikuwa mama mfanyabiashara kutoka Butembo aliyehamia Bunia, Mama Kavira. Alikuwa akienda Kampala kununua vitambaa. Kabla hatujatoka mjini alikuwa amenieleza habari za watoto wake sita, akaniuliza dini yangu, akanisamehe kuwa Mkatoliki.

Tulifika Iga Barrière kabla ya saa sita. Magari yalikuwa yamejipanga yakingoja kusindikizwa na askari, kwa sababu barabara ya mbele, mnaijua, haiendewi peke yako. Askari walikuwa wakikagua mizigo. Kijana mmoja akafungua mfuko wangu, akafungua kitenge, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Muzee! Ii njo nini?"

"Ni manyoya ya kunguru, mwanangu."

"Ya kunguru! Unaenda nayo wapi?"

"Ulaya."

"Wazungu wanakosa kuku?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Ninyi mnajua vile wale wapiganaji wa msituni hujifunga manyoya na hirizi wakiamini risasi haitawapata. Yeye aliona manyoya themanini, wembe mpya na kichupa cha mafuta ya mawese katika mfuko wa mzee mwenye rozari shingoni. Mama Kavira akatoka garini na mkoba wake.

"Yesu wangu!" alisema. "Tangu Bunia niko naikala pembeni ya muchawi! Na nilimupa ndizi yangu!"

"Mama, miye ni katekista."

"Njo mbaya zaidi!"

Wakanipeleka kwa komanda wao, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekaa chini ya hema la turubai. Nilimweleza habari za kinanda, vijiti, ndimi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba ni maneno ya kichaa. Komanda alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole. Kwenye magunia ya mchanga kulikuwa na gitaa kuukuu lenye nyuzi tatu.

"Kama ni ya muziki," alisema, "piga muziki."

Niliketi juu ya kreti. Nikachagua unyoya mmoja, nikauchonga ulimi, nikaushika kati ya vidole viwili na kudonoa uzi wa katikati. Nikatafuta wimbo wa Bikira Maria tunaouimba mwezi wa tano, nikauimba polepole na uzi ule mmoja. Katika ubeti wa pili nilisikia sauti nzito ikiingia chini ya yangu, kila noti mahali pake. Alikuwa komanda.

"Kule kwetu nilikuwa naimba sauti ya nne," alisema tulipomaliza. Akayafunga manyoya mwenyewe. "Iko sauti nzuri, ii kunguru. Enda, muzee. Na ukirudia, uniambie kama ilifika."

Nilimshukuru Mungu, nikatoka mbio. Msafara ulikuwa umekwisha kuondoka, na gari letu lilikuwa limebaki peke yake barabarani, dereva amelala juu ya usukani.

Siku mbili za Iga

Msafara mwingine ungeondoka Jumapili. Dereva, mtu mwenye adabu, alishuka kutazama matairi. Mama Kavira alisema kwa niaba yake.

"Siku mbili! Juu ya kunguru! Siye Butembo mutu akitaka kuchelewesha wenzake, anakufa kwanza, tunajua kama ni matanga."

Tulilazwa katika nyumba ya mjane mmoja wa jumuiya ya pale, mwenye vyumba viwili na moyo mkubwa. Alitupikia bugali ya mihogo na sombe ya majani yake, na Mama Kavira akatoa samaki wa chumvi kwenye mzigo wake, akawagawia wote. Kipande kikubwa akaniwekea mimi bila kunitazama.

Jumamosi, tulipokuwa tukichambua maharagwe kumsaidia mwenyeji wetu, nilimfikiria Mama akihesabu siku. Nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Ulimi nilioukata mbele ya komanda ulikuwa mbaya, na kona yake ilipinda. Nilikuwa sijakata ulimi tangu Mama alipoondoka, karibu miaka arobaini, na macho yangu siku hizi yanaona ukungu hata adhuhuri. Nilibeba manyoya kwa uangalifu mkubwa, lakini mkono uliotakiwa kuyakata sikujua kama bado ninao. Nilisali rozari nzima juu ya jambo hilo, nikaendelea na maharagwe.

Mahagi, kisha daraja la Pakwach

Jumapili tulifika Mahagi salama, jasho na vumbi. Jumatatu tukavuka mpaka wa Goli na kupanda basi la Kampala. Ulrike alikuwa amepata habari kwa simu, na sijui alifanyaje, akanisogezea ndege hadi Jumatano. Maana yake ningefika Alhamisi, na tamasha ni Jumapili. Wiki yangu ilikuwa imebaki siku tatu.

Basi nalo likaharibika karibu na daraja la mto Nile, pale Pakwach. Fundi akaingia chini yake na miguu yake ikabaki nje kwa saa tano. Wanawake walikuja na samaki wa kukaanga na mihogo ya kuchoma. Mama Kavira alinunua, akaketi kando yangu kwenye nyasi.

"Sasa Mwalimu," alisema, "uniambie huyu muzungu ni nani, ili nijue nateswa juu ya nini."

Nikamweleza. Gelinda alizaliwa kijijini, wakati wa vita kubwa. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alipokuwa na miaka tisa, mpiga kinanda wa kanisa lao aliugua wiki ya Pasaka, na padri akaishiwa na watu. Mtoto akasema yeye anaweza, kwa maana alikuwa akikaa karibu na kinanda kila Jumapili akitazama vidole. Miguu yake haikufika kwenye funguo za chini, kwa hiyo kaka yake alilala sakafuni na kuzibonyeza kwa mikono, yeye akimtajia kila noti. Wakapita Misa yote hivyo.

Mama Kavira akacheka mpaka akashika mbavu. "Chini ya kiti! Na watu wanaona Pasaka!"

Baadaye alisoma chuo kikubwa cha muziki, akashinda wengi, na wakubwa walimwahidi miji mikubwa. Yeye akaomba kuja kufundisha Bunia. Alisema angekaa miaka miwili, akakaa kumi na mmoja, mpaka mama yake mzazi alipougua. Kule kwao akawa mpiga kinanda wa kanisa moja kwa zaidi ya miaka thelathini, na kinanda cha manyoya kikamzungusha nchi nyingi. Watu walilipa kumsikia. Lakini kila Krismasi alituandikia kwa Kiswahili, na mwisho wa barua aliuliza: "Kunguru wetu ni wazima?"

"Siye kanisani kwetu tunapiga gitaa na ngoma," Mama Kavira alisema. "Hatusumbue ndege."

"Mnafanya vizuri."

"Lakini mutu mwenye kukumbuka watu miaka yote ii..." Akafuta vidole, akainuka na kumwendea fundi. Nilimsikia akiiambia ile miguu: "Weye baba, fanya haraka! Kuna muzee huku anasubiriwa na mama ya miaka makumi nane!"

Kampala tuliagana. Alinipa mkate wa safari na akaniomba radhi kwa neno la uchawi. Nilimwambia nilikwisha lisahau, na akasema sikulisahau, tukacheka wote wawili.

Uwanja wa ndege

Juu ya ndege sina la kusema, nililala na rozari mkononi. Asubuhi ya Alhamisi tulishuka Ujerumani. Kuna milango miwili, mmoja wa wenye kitu cha kutangaza na mmoja wa wasio na kitu. Mimi katekista niliona vema nipite penye kutangaza. Dada mwenye sare alifungua kitenge, akavaa glavu, akamwita mwenzake anayejua Kifaransa.

Walikuwa wapole sana. Mwanamume alinieleza kwamba manyoya ya ndege kutoka nje hayaingii, kwa sababu ya magonjwa ya ndege yanayovuka mipaka. Nilimweleza habari za kinanda. Alisikitika kweli, nikaona usoni mwake, lakini sheria ilikuwa sheria. Alinipa karatasi nitie sahihi. Manyoya yote yakaingia katika mfuko wa plastiki, nao ukaingia katika pipa lenye kifuniko. Dada akakunja kitenge cha Veronika vizuri sana, pembe kwa pembe, akanirudishia.

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Mzee wa miaka sabini na mitatu. Askari wa Iga mwenye bunduki alinirudishia manyoya, na dada mpole mwenye glavu akayatupa, na wote wawili walikuwa wakilinda watu wao. Sikuwa na wa kumlaumu, na hilo lilifanya uzito uzidi.

Ulrike alinipokea kwa furaha. Katika gari, saa mbili nzima, sikuweza kumwambia. Alidhani ni uchovu.

Nyumba ya Mama Gelinda

Mama alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fimbo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nywele zimekuwa pamba. Kabla sijamsalimu alisema, kwa Kiswahili chetu cha zamani kile kile, kama kwamba aliondoka juzi:

"Zakaria, weye unakawia! Miye nilifikiri nitakufa mbele ufike."

"Mama, shikamoo. Mama, nisamehe. Nimekuja mikono mitupu." Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama, kuanzia machinjioni hadi pipa.

Mama alinitazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Ulrike akaleta kiti.

"Manyoya makumi nane!" alisema. "Kutoka Bunia! Zakaria, unafikiri Mungu aliumba kunguru ya Bunia peke yake?"

Akaelekeza fimbo dirishani. Juu ya paa la jirani walikuwa wameketi watatu, weusi tii, wakubwa kuliko wetu, wakinitazama. Ndugu zangu, haikuwa imenipitia akilini hata siku moja.

"Lakini uliniita kwa sababu ya manyoya, Mama."

"Nani alisema manyoya? Mikono njo miye niliita."

Jioni waliweka mezani mkate, jibini na nyama baridi iliyokatwa nyembamba. Nilikula kidogo kwa adabu, nikibakiza nafasi ya chakula. Tukasali, wakaondoa sahani. Ndipo nikaelewa kwamba kile ndicho kilikuwa chakula. Mama akaniona. "Ulrike," alisema, "mupikie huyu kitu ya moto, kwao mutu hawezi lala na mkate." Nikaletewa viazi, na Mungu ambariki aliyevimenya.

Makaburini

Ijumaa asubuhi Ulrike alinipeleka kwenye makaburi ya mji, yenye miti mirefu wanakolala kunguru. Mwezi wa nane wanabadilisha manyoya, na nyasi zilikuwa zimejaa. Niliinama kati ya misalaba nikiokota. Mwanamke mwenye mbwa alisimama akinikazia macho. Nikafikiri, sasa inaanza tena, na hapa sina gitaa. Ulrike akamweleza. Mwanamke akanitazama tena, akamfunga mbwa wake kwenye uzio, akainama naye. Aliokota kwa bidii, ingawa nusu yalikuwa ya njiwa na mengine ya bata. Niliyapokea yote kwa mikono miwili.

Ndimi hamsini na moja

Kinanda kilikuwa katika chumba cha nyuma. Nilipofungua kifuniko harufu ya mbao ilinirudisha Bunia. Nikaanza kutoa vijiti kimoja kimoja, toka juu. Ndimi za juu zilikuwa za kaka yake, zimekatwa kwa ufundi na zimekatika kwa uzee.

Nilikata ulimi wa kwanza, ukapasuka. Wa pili ulitoka mnene ukakwama. Wa tatu, wa nne, wa tano, hivyo hivyo. Wembe uliniteleza, macho yakafanya ukungu, na Mama alikuwa ameketi nyuma yangu akisikiliza kila kosa. Wa sita nilifumba macho. Nikaushika ulimi kwa kucha na kuusikiliza ulivyopinda, kama alivyonifundisha zamani. Nikakata. Nikakirudisha kijiti. Mama akanyoosha kidole, akabonyeza.

"Huyu anasema," alisema.

Toka hapo nilifanya kazi kipofu, Ijumaa yote hadi jua lilipozama, na Jumamosi toka asubuhi. Yeye alibonyeza na kusema "nene", au "anasema", na hakuna neno jingine kati yetu. Jumamosi saa tisa nilikuwa nimebakiza vijiti kumi na viwili vya chini kabisa, zile sauti nzito.

Nilitoa cha kwanza, nikapitisha ukucha juu ya ulimi. Mkato wake uliinamia upande usio wake. Nilivaa miwani, nikaupeleka dirishani. Ulimi ulikuwa na wekundu mdogo ndani yake, wekundu wa mawese.

Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba Veronika alikuwa wa mkono wa kushoto. Shuleni masista walimpiga fimbo kwa sababu ya mkono ule. Mama Gelinda alikuwa mtu wa kwanza kumwambia atumie mkono aliopewa na Mungu. Kila ulimi wa Veronika uliinamia kushoto. Na Mama alipotuambia tuzipake mafuta ya zeituni, na hayakupatikana, Veronika alizipaka mawese, akasema kama mawese yanalainisha sombe yatalainisha na kunguru.

Nilihesabu. Katika vijiti kumi na viwili, saba vilikuwa na ndimi zake. Mke wangu amelala kwenye makaburi ya Bunia miaka tisa sasa, na hapa palikuwa na ndimi zake saba, zilizokwisha donoa nyuzi katika miji ambayo sitaijua majina.

Niliweka wembe chini. "Mama, ulijua?"

"Nilijua kila siku. Kaka yangu alitaka kuzitoa, nilimukataza. Fundi ya hapa angezitupa kwenye pipa." Akaelekeza fimbo kwenye vijiti. "Ni mutu moja tu iko na ruhusa ya kuzitoa, Zakaria. Njo maana nilisema ni weye ao sitapiga."

Nikauliza kama tungeziacha.

"Tunapigia watu kesho," alisema. "Veronika angesema nini juu ya ulimi mubovu?"

Angesema toa. Sote wawili tulijua. Nikazijaribu zote saba. Sita zilikuwa na ufa. Nilizitoa kwa ncha ya kisu, taratibu, Ulrike akaniletea kasha la kiberiti na nikazilaza humo. Wa saba, ule wa sauti ya chini kuliko zote, niliujaribu mara kumi. Haukuwa na ufa. Ulisema wazi. Sikuuacha kwa huruma, nataka mlijue hilo. Niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri.

Jumapili

Kanisa lilijaa. Mama alisaidiwa kupanda kwenye kinanda kikubwa, na mikono iliyokuwa ikitetemeka mezani ilitulia ilipogusa funguo. Miguu, ile iliyokuwa haifiki, ilitembea chini kama ya msichana. Watu wa kwao walikaa kimya kama mawe, hakuna aliyesema amina, nikajizuia kwa shida.

Kisha akashuka kwenye kinanda cha manyoya, tulichokuwa tumekileta kanisani asubuhi. Mimi niliketi mbele na wembe mfukoni, tayari. Hakuna ulimi uliokwama. Kunguru wa makaburini waliimba mmoja mmoja, na nilizijua kazi zangu mbaya na kazi zangu nzuri zilipopita. Wimbo wa mwisho ulianza juu kabisa, ukashuka, ukashuka, kama mtu anayerudi nyumbani kwa ngazi, mpaka ukafika ufunguo wa mwisho kushoto.

Akaubonyeza. Akaushikilia. Sauti ikapungua mpaka ikaisha, na bado hakuinua kidole. Mwishowe alipoinua, ulimi ulirudi chini ya uzi na kutoa kile kisauti kidogo, tik, ambacho hakuna mtu anayekisikiliza. Mimi nilikisikia. Mama akageuza kichwa kunitafuta. Naye alikisikia.

Siku ya kuagana aliniambia ameandika kwamba siku akifumba macho kinanda kije Bunia, kwa parokia. "Kwa hiyo anza kufundisha wakataji," alisema, "na usichague wa mukono ya kuume peke yake." Ndiyo sababu tangu wiki iliyopita dada wawili wa kwaya huja kwangu Alhamisi na wembe, na ndiyo sababu mmeniona tena machinjioni.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na shida. Kila mpaka nilifungua kasha la kiberiti mwenyewe nikalitangaza, na kila mpaka walitazama, wakanitazama, wakanipungia mkono. Kule Iga Barrière komanda alinijua kutoka mbali.

"Muzee ya kunguru! Ilifika?"

"Waliyakamata, mwanangu."

"Nani?"

"Serikali ya kule."

Alicheka mpaka askari wake wakageuka. "Basi hata Wazungu wanaogopa! Na sasa unarudia na nini?"

Nikafungua kasha. Akainama akatazama zile ndimi sita ndogo nyekundu.

"Ii njo nini tena?"

"Ni kazi ya mke wangu."

"Na mama, anaikala Bunia?"

"Amelala Bunia," nilimjibu.

Komanda alilisukuma kasha likafungika, taratibu ili zisimwagike, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pita, muzee," alisema.